Shailendra, fundi wa reli aliyetuandikia nyimbo za Raj Kapoor

Muda mfupi baada ya India kupata uhuru na kugawanywa mwaka 1947, kijana mmoja fundi wa karakana ya reli alipanda jukwaani Bombay akasoma shairi lake kuhusu Punjab inayoungua. Kule watu walikuwa wanachinjana, na treni nyingine zilikuwa zikiingia stesheni zimebeba maiti. Kati ya waliokuwa wakimsikiliza alikuwamo Raj Kapoor, hajafika hata miaka 25, yuko mbioni kutengeneza Aag, filamu yake ya kwanza kama mwongozaji. Shairi lilimwingia. Hafla ilipomalizika akamfuata yule kijana akamwambia analitaka kwa ajili ya filamu, ataje bei yake. Kijana akamjibu kwamba mashairi yake hayauzwi, akarudi zake kwenye kazi ya kuchomelea vyuma.

Jina lake ni Shankardas Kesarilal. Kwenye mashairi alijiita Shailendra, na kwa jina hilo moja ndivyo anavyojulikana hadi leo. Ndiye aliyeandika maneno ya Awaara Hoon. Ndiye aliyeandika ule wimbo wa viatu vya Kijapani, suruali ya Kiingereza na kofia nyekundu ya Kirusi. Wimbo wa mwavuli mmoja kwenye mvua, Raj Kapoor na mwigizaji mwenzake Nargis wakitazamana, ni wake pia. Kama umekulia pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, kuna uwezekano mkubwa umeshawahi kuimba maneno ya mtu huyu, na uwezekano mkubwa zaidi kwamba hujawahi kulisikia jina lake.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba ambayo bibi mzaa mama aliziimba nyimbo hizi akichambua mchele. Kihindi hakukijua. Alijua sauti tu, moja baada ya nyingine, na palipokuwa pa kulia alilia palepale Nargis alipolia. Kizazi chake kilijaza Majestic ya Tanga, Empire na Majestic za Unguja, Avalon na Empress za Dar es Salaam, Regal na Naaz za Mombasa. Awaara ilipofika kwetu miaka ya 1950 watu waliiangalia, wakarudi kuiangalia tena, kisha wakazibeba nyimbo zake hadi harusini. Wapiga taarabu walifanya lao. Mombasa hasa, tuni za Kihindi zilivishwa maneno ya Kiswahili, na Juma Bhalo akawa bingwa wa mtindo huo, akiimba mashairi ambayo mengi aliyatunga ndugu yake Ahmad Nassir, yule malenga wa Mvita. Kwa hiyo mwambao huu ulichukua tuni na kuyaacha maneno bandarini. Tulikuwa na malenga wetu, hatukuhitaji wa kuazima. Lakini maneno yale tuliyoyaacha yalikuwa ya mshairi wa kweli, na ndiyo nataka kuyazungumzia.

Nilianza kuyatafuta nikiwa mtu mzima, kwa msaada wa mzee mmoja jirani yetu, Mtanzania mwenye asili ya Gujarat, ambaye kila jioni alifunga duka akaketi barazani. Nilikuwa namwekea wimbo kwenye simu, ananifafanulia mstari kwa mstari. Kuna siku wimbo wa dakika nne ulitumaliza saa nzima, kwa sababu kila akifika mahali anasimama anasema, "Ngoja kwanza, mwanangu, hapa pana jambo."

Shailendra alizaliwa Rawalpindi tarehe 30 Agosti 1923, mji ambao sasa uko Pakistan. Asili ya ukoo wake ni eneo la Arrah, Bihar, na walikuwa Wadalit, watu ambao mfumo wa matabaka uliwasukuma chini kabisa na kuwahesabu najisi. Familia ilihamia Mathura maisha yalipokuwa magumu, na huko ndiko alikosoma na kuanza kuandika. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa anacheza mpira wa magongo, akasikia wanafunzi wenzake wakicheka kwamba siku hizi hata watu wa namna hii nao wanacheza. Alilivunja gongo lake papo hapo na hakucheza tena. Miaka mingi mashabiki wake hawakujua lolote kuhusu tabaka lake. Habari hizo zilienea baada ya mwanawe kuyasema hadharani miaka ya 2010, mashairi ya baba yake yalipokuwa yakichapishwa upya, na wako walioudhika, eti mshairi mkubwa anapunguzwa. Mimi naona kinyume chake. Ukishajua alikotoka, unaelewa kwa nini katika nyimbo mamia alizoandika huwezi kumkuta akimwangalia mtu maskini kutoka juu.

Miaka ya 1940 alikuja Bombay kujifunza ufundi wa kuchomelea kwenye karakana za reli, akafanya kazi Matunga. Mchana moto na vyuma, jioni mashairi. Alijiunga na Indian People's Theatre Association, jumuiya ya wasanii wa mrengo wa kushoto waliokuwa wakipeleka michezo ya kuigiza na nyimbo kwa wafanyakazi na wakulima. Kutoka kipindi hicho kuna mstari wake mmoja unaosema, kwa Kiswahili changu, kwamba dhidi ya kila mabavu na kila dhuluma, mgomo ndio wito wetu. Mstari huo haujawahi kufika kwenye filamu ya Raj Kapoor, lakini umeimbwa kwenye maandamano ya wafanyakazi wa India kwa zaidi ya miaka 70. Angalia ulivyojengwa: kwa Kihindi una pande mbili zinazolingana mizani, na kina cha mwisho ni cha kupigia kelele, mdomo wazi kabisa. Huyu alikuwa mtu aliyejua jinsi sauti elfu moja zinavyotoka kwa pamoja barabarani. Ujuzi huo hakuupata studio.

Basi aliyekataa kuuza alikuja kuuzaje? Njaa. Mkewe, Shakuntala, alikuwa mjamzito, na mshahara wa karakana haukutosha. Akamkumbuka Raj Kapoor. Akaenda ofisini kwake, akamwomba rupia 500, akapewa bila maswali. Baadaye akarudi kulipa deni. Raj Kapoor akakataa kupokea fedha, akamwambia kama unataka kulipa, Barsaat inahitaji nyimbo mbili. Akaziandika. Mmoja ndio uliobeba jina la filamu, wimbo wa mvua, na Barsaat ilipotoka mwaka 1949 nchi nzima ilikuwa inauimba. Kuanzia hapo timu ikakamilika: Raj Kapoor, watunzi wa muziki Shankar na Jaikishan, waimbaji Lata Mangeshkar na Mukesh, na watunzi wawili wa maneno, Shailendra na Hasrat Jaipuri. Hasrat alikuwa kondakta wa basi Bombay. Fundi wa reli na kondakta wa basi, ndio waliotuandikia mapenzi ya Raj na Nargis.

Kuhusu Awaara kuna kisa kinachorudiwa sana na watu wa sinema ya India. Raj Kapoor alimchukua Shailendra hadi nyumbani kwa K. A. Abbas, mwandishi wa filamu hiyo, wakaisikilize hadithi. Abbas alisoma muda mrefu. Mgeni yule wa pili hakumjali, hakumjua ni nani. Alipomaliza, Raj Kapoor akamgeukia Shailendra akamuuliza, "Kaviraj, umeelewa lolote?" Kaviraj maana yake mfalme wa washairi, ndivyo alivyozoea kumwita. Shailendra akajibu kwamba yule kijana wa hadithi alikuwa mtu wa nuksi, lakini alikuwa nyota ya mbinguni; alikuwa mzururaji. Abbas akashangaa. Hadithi ndefu ya mtoto wa jaji aliyelelewa na mitaa, maswali yote kuhusu damu na malezi, ilikuwa imeingia kwenye kauli moja. Ndiyo iliyokuja kuwa wimbo.

Filamu ilitoka mwaka 1951. Mwaka 1954 ikaoneshwa Umoja wa Kisovieti, ikaangaliwa na watu zaidi ya milioni 60. Ikapendwa Uturuki, ikapendwa China. Warusi waliziimba kama tulivyoziimba sisi, yaani bila kuelewa neno. Sipendi sana maelezo ya kwamba muziki hauna mipaka, kwa sababu yanamwondoa mshairi kazini. Tuni ya Shankar-Jaikishan ilivuka bahari, kweli. Lakini ilivuka kwa sababu ilikaa juu ya maneno yenye irabu ndefu, maneno ya mtaani ambayo mtoto wa miaka mitano anaweza kuyatamka. Shailendra aliandika kwa ajili ya mdomo. Bibi yangu wa Ngamiani aliweza kuimba Kihindi kwa sababu kuna mtu alimrahisishia kazi bila kumjua.

Ni vizuri kueleza hapa jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa inafanyika, maana kwetu kwenye taarabu mara nyingi shairi huja kwanza, limeshapimwa mizani na vina, kisha linatafutiwa tuni. Kwenye sinema ya Bombay mambo mengi yalikwenda kinyume. Watunzi wa muziki walikaa na harmonia na tabla, wakapata tuni, wakaijaza maneno yoyote yasiyo na maana ili kushika urefu, ndipo mshairi akaambiwa: sehemu yako hii, silabi ni hizi, hapa pandisha, hapa malizia na irabu, na huyu anayeimba ni mlevi, au ni yatima, au yuko juu ya paa la treni. Kazi ya namna hiyo imewashinda washairi wakubwa. Shailendra aliiweza kwa namna ambayo msikilizaji hahisi kwamba maneno yalikuja baadaye. Inasimuliwa kwamba kiitikio cha Ramaiya Vastavaiya kilianzia kwenye hoteli ya njiani. Shankar, aliyeishi Hyderabad na kujua Kitelugu, alikuwa anamwita mhudumu aliyeitwa Ramaiya kwamba unakuja lini, akaanza kuimbaimba maneno hayo. Shailendra akaongeza papo hapo kwa Kihindi: moyo wangu nimeshakupa. Sehemu mbili, lugha mbili, na ukisikiliza unadhani zilizaliwa tumbo moja.

Wimbo huo umo ndani ya filamu ya Shree 420 ya mwaka 1955, na umo pia ule wa mwavuli. Wa mwavuli ndio ninaotaka kukaa nao.

Kuna mstari unaosema usiku utazisimulia pande zote kumi habari za mapenzi yetu. Jaikishan aliposikia akasita. Pande kumi? Watu wanajua pande nne, alisema. Msikilizaji wa kawaida atachanganyikiwa, badilisha. Shailendra akakataa. Alishikilia kwamba msanii hatakiwi kujificha nyuma ya msikilizaji na kumpa kitu duni kwa kisingizio kwamba ndicho anachokitaka, na kwamba kuinua ladha yake ni sehemu ya wajibu. Walivutana, mstari ukabaki, na wimbo ukawa mojawapo ya nyimbo zinazopendwa kuliko zote katika historia ya sinema ya India.

Nilipomuuliza yule mzee jirani ni kumi zipi hizo, alianza kuhesabu kwa vidole. Kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Kisha pembe zake nne, upande wa Pemba kule, upande wa Pangani, upande wa Muheza, upande wa Horohoro. Nane. Akanyamaza akinitazama kama ninajua zilizobaki. Kisha akaelekeza kidole juu, akakielekeza chini, kwenye saruji ya baraza. "Kumi," akasema. "Hata wafu wanasikia."

Kuanzia siku ile siwezi kuwasikiliza watu wanaosema nyimbo za filamu za Kihindi ni mapenzi na kuzunguka miti. Mvuta riksho aliyeketi viti vya mbele Bombay alipewa ulimwengu wenye pande kumi, na akaupokea bila taabu yoyote, kwa sababu mashairi ya bhajani, nyimbo za ibada za Kihindu, na ngano za kijijini kwake zilikuwa zinasema hivyohivyo siku zote. Aliyedhani hataelewa ni mtu wa studio. Shailendra alitoka kwa watu wale, alijua wanachokijua. Maneno yake ni mepesi, ndiyo, lakini wepesi wake haukutokana na kumdharau anayesikiliza. Ukichukua jambo hili moja, naona linaeleza karibu kila uamuzi mkubwa alioufanya maishani, pamoja na ule uliommaliza.

Alikuwa na kiburi chake pia, kiburi cha mtu anayejua thamani ya kazi yake. Wakati fulani Shankar na Jaikishan walimwahidi kumpendekeza kwa watayarishaji wengine, wakasahau. Hakwenda kugombana nao. Aliwatumia kikaratasi chenye mistari michache: dunia hii ni ndogo, njia zake zinajulikana, ipo siku mtakutana nami mahali, nami nitawauliza hali. Wakaomba radhi. Mistari ile wakaitia tuni, ikawa wimbo wa filamu ya Rangoli ya mwaka 1962. Sijui lugha nyingine ambayo lawama imewahi kulipwa vizuri kiasi hicho, ingawa watu wa mipasho wa Unguja wangemwelewa mara moja.

Nje ya kambi ya Raj Kapoor aliandika vilevile, na wako wanaosema kazi zake bora ziko huko. Alimwandikia mwongozaji Bimal Roy nyimbo za Do Bigha Zamin mwaka 1953, filamu ya mkulima anayekwenda Calcutta kuvuta riksho ili aokoe shamba lake, na za Madhumati mwaka 1958, zote kwa muziki wa Salil Chowdhury. Aliandika nyimbo za filamu ya kwanza kabisa ya Kibhojpuri mwaka 1963, kwa lugha ya kwao Bihar. Jarida la sinema la Filmfare walipoanzisha tuzo ya mtunzi bora wa maneno, wa kwanza kuipata alikuwa yeye, kwa wimbo wa Yahudi. Akaipata tena kwa Anari, na ya tatu ikaja akiwa ameshafariki, kwa wimbo wa kubembeleza watoto yatima katika Brahmachari. Kwa Guide ya mwaka 1965, iliyotokana na riwaya ya R. K. Narayan, alimwandikia mtunzi wa muziki S. D. Burman nyimbo ambazo kila moja ingetosha kumfanya mtu awe na jina. Ule wa mwanamke anayeamua leo anatamani tena kuishi, ukiusikiliza asubuhi unabadilisha siku yako nzima.

Kwenye Bandini, mwaka 1963, kuna jambo linaloonesha alivyokuwa. Alikuwa ameteta na S. D. Burman, na kazi ikasimama. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi gereji na kuandika mashairi, hana haja na sinema. Shailendra ndiye aliyemsukuma aende kwa Bimal Roy akaandike. Kijana akaandika wimbo mmoja. Shailendra na Burman wakapatana, na nyimbo zilizobaki akaziandika Shailendra. Kijana yule ni Gulzar, ambaye leo ni mmoja wa washairi wanaoheshimiwa kuliko wote India. Mtu mwenye wivu na nafasi yake angemtafuta mshairi dhaifu wa kumshikia zamu.

Sasa tufike Teesri Kasam, yaani kiapo cha tatu.

Mwaka 1960 Shailendra alisoma hadithi fupi ya Phanishwar Nath Renu, mwandishi wa Bihar, akaamua ataifanya filamu kwa fedha zake mwenyewe. Hakuwahi kutayarisha filamu. Marafiki walimwonya. Hiraman ni dereva wa gari la ng'ombe, mseja, mtu wa kijijini asiyejua hila. Mwanzo wa filamu anakamatwa usiku na polisi akiwa amebeba magendo. Anawafungua ng'ombe wake gizani anakimbia nao, gari analiacha. Anakula kiapo cha kwanza: hatabeba magendo tena. Baadaye anabeba mianzi, mirefu imetokeza nje, inaleta balaa barabarani, anapigwa. Kiapo cha pili: hatabeba mianzi. Kisha usiku mmoja anapewa abiria, mwanamke, amefunikwa nyuma ya pazia, wa kupelekwa kwenye maonyesho mbali. Ni Hirabai, mcheza ngoma na mwigizaji wa nautanki, michezo ya kuzunguka mji kwa mji. Hiraman hajui. Anapomwona uso asubuhi anadhani ni malaika au jini.

Safari ile ndiyo filamu. Gari linakwenda polepole, ng'ombe wanavuta, vumbi, mto, mti wa kivuli. Raj Kapoor, aliyezoeleka kwa vituko na kofia ya kuchekesha, hapa ndiye Hiraman, anaona haya hadi anaziba mdomo na kutoa mguno, "Iss!", kila anaposemeshwa. Waheeda Rehman, ndiye Hirabai, anamtazama kutoka nyuma ya pazia kama mtu aliyesahau kwamba wanaume wa namna hii wapo. Njiani Hiraman anaimba. Maneno mepesi kabisa: mpenzi usiseme uongo, kwa Mungu tutakwenda, na kule hakuna tembo wala farasi, ni kwa miguu tu. Mzee jirani aliponieleza mstari huo nilifikiri nimeusikia kwenye mawaidha ya mskitini. Katika wimbo mwingine anasema barua kila mtu anaweza kuisoma, lakini majaaliwa hakuna awezaye kuyasoma. Mpiga picha alikuwa Subrata Mitra, aliyepiga filamu za mwanzo za mwongozaji Satyajit Ray, na nyeusi na nyeupe yake ni ya kutazama hata ukizima sauti.

Ilikusudiwa kuwa filamu ndogo. Ikachukua kama miaka 5. Mwongozaji, Basu Bhattacharya, alikuwa mgeni wa kazi hiyo. Fedha zikawa zinakatika, upigaji picha unasimama na kuanza tena. Inasimuliwa kwamba Raj Kapoor alichukua ujira wa rupia moja tu. Hata hivyo madeni yalipanda. Na ilipokaribia kukamilika, wasambazaji wakaja na sharti lao: mwisho ubadilishwe. Kwenye hadithi, Hirabai anaondoka. Anapanda treni, anamrudishia Hiraman akiba yake aliyomtunzia, na treni inakwenda. Hiraman anabaki na ng'ombe wake, anakula kiapo cha tatu, kwamba hatambeba tena mwanamke wa nautanki. Wasambazaji walitaka wawili wale waoane. Raj Kapoor na Waheeda Rehman ndani ya filamu moja, halafu waachane? Nani atanunua tiketi?

Shailendra alikuwa na madeni hadi shingoni. Kubadilisha kungekuwa kazi ya siku chache. Alikataa, na Renu alikuwa upande wake. Ni ule ubishi wa pande kumi, mtu yuleyule na sababu ileile, ila safari hii aliyetakiwa kulipa ni yeye. Aliamini kwamba mtu anayetoka kijijini Bihar, aliyewahi kuona treni ikiondoka na mtu wake, hana haja ya kudanganywa.

Filamu ilitoka mwaka 1966, ikaanguka. Watu hawakuja. Shailendra alishaumwa, alishakuwa mlevi kuliko zamani, ini limeharibika. Inasimuliwa kwamba akiwa njiani kupelekwa hospitali alipita kwa Raj Kapoor, akamwahidi kuumalizia wimbo aliouanza kwa ajili ya filamu yake nyingine, Mera Naam Joker: kuishi ni hapa, kufa ni hapa, kwingine twende wapi. Alifariki tarehe 14 Desemba 1966, ana miaka 43. Tarehe hiyo ni siku ya kuzaliwa ya Raj Kapoor. Wimbo ulimaliziwa na mwanawe, Shaily Shailendra, na filamu ikatoka mwaka 1970.

Mwaka 1967 Teesri Kasam ilipewa tuzo ya taifa ya filamu bora ya India. Leo imo kwenye orodha za filamu bora za nchi ile, na wapo wanaosema hakuna filamu Raj Kapoor aliyoigiza vizuri kuliko hiyo. Nakubaliana nao. Siwezi kusema haina kasoro: kuna sehemu za katikati, kwenye maonyesho, ambapo mapambo ya studio yanajitokeza mno na hadithi inazunguka palepale. Lakini dakika za mwisho stesheni, zilezile walizotaka kuzifuta, ndizo zinazofanya mtu aitafute tena. Wasambazaji walikosea kuhusu msikilizaji wa miaka ile 60 iliyofuata, ingawa kuhusu tiketi za mwaka 1966 walikuwa sahihi, na ni tiketi za mwaka huo ambazo Shailendra alihitaji.

Watu husema alikufa kwa sababu ya filamu. Silipendi neno hilo, linamfanya aonekane mtu asiyejua alichokuwa anafanya, mshairi aliyepotea njia kwenye biashara. Ini na pombe vilikuwa na sehemu yao, na watu waliomwacha wakati wa deni nao wana yao. Alijua gharama. Mtu aliyewahi kukosa fedha za uzazi wa mkewe anajua vizuri sana rupia inahesabiwa vipi.

Kama unataka kumjua, usianze na orodha ndefu. Tafuta Teesri Kasam, ipo mtandaoni, uitazame usiku mmoja ambao hakuna anayekuharakisha. Kisha rudi kwenye Shree 420, kwenye wimbo wa mwavuli. Mbele ya Raj na Nargis watapita watoto watatu wamevaa makoti ya mvua, wameshikana mikono, na Lata atakuwa anaimba kwamba sisi hatutakuwepo, wala nyinyi hamtakuwepo, lakini alama zetu zitabaki. Watoto wale ni wa Raj Kapoor mwenyewe. Maneno ni ya fundi wa Matunga.